Rangi ya Njano ya Ngazi

Pukotala, kisiwa cha Ha'ano
Tonga
20 Januari 1996

Kwa Lesieli, binti wa kaka yangu,

Amani iwe nyumbani kwenu. Sisi huku tunapumua. Kimbunga kilipita mbali, kikaangusha migomba michache na choo cha mchungaji, ambacho kilikuwa kinatafuta sababu tu. Viazi vikuu vimekubali mwaka huu. Mzee Lopeti wa ng'ambo ya uwanja wa kanisa tulimzika wiki ya Krismasi. Pisila, mke wa mchungaji, anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Nilimwambia umepata shahada, wachumba watapanga foleni. Akasema, "Foleni yenyewe iko wapi, mbona hatuioni?" Nakufikishia kama lilivyo.

Pipa la vitu mlilotutumia kwa meli lilifika kabla ya Mwaka Mpya. Ahsanteni. Mwambie kaka yangu blanketi ni zuri, ingawa kwa joto hili linamfaa nguruwe mwenye homa. Nakutania. Nimelitandika.

Sasa sikiliza ya pipa lijalo, umfikishie. Nataka saa ya ukutani, ile inayogonga kila saa. Ninayo ya kimya, siitaki tena. Nataka sahani nyeupe pe; hizi za maua zimenichosha. Nataka kalamu ya wino mzito na karatasi za mistari mipana. Na zaidi ya vyote nataka kopo la rangi ya njano, nipake ngazi za mlangoni. Njano kali, isiwe ya maziwa. Vingine vikikosekana, rangi isikosekane.

Msalimie kaka yangu. Mwambie ale.

Shangazi yako,
Toakase


Otahuhu, Auckland
New Zealand
3 Machi 1996

Shangazi Toakase,

Shikamoo. Barua yako ilikuja na watu wa kwaya, ikasahaulika kwenye mkoba wa mtu, ikanifikia inanukia mafuta ya nazi. Nilikaa nayo puani kabla ya kuifungua.

Hapa tu wazima. Baba hajambo. Kiwandani wamembadilishia zamu, kwa hiyo siku hizi anashinda nyumbani kuliko zamani. Magimbi yake nyuma ya gereji yamekuwa makubwa mpaka majirani wanauliza ni mti gani. Mwambie Pisila foleni ipo, ila imezunguka nyuma ya jengo.

Nimeanza kufundisha. Wiki hii somo lilikuwa kuhitaji na kutaka. Nilichora mstari katikati ya ubao, nikawaambia watoto watie kila kitu upande wake. Tulianza vizuri: maji, chakula, paa. Kisha akasimama binti mmoja wa Kisamoa anayekaa mbele.

"Mwalimu, televisheni ni kuhitaji."

"Ukiikosa utakufa?"

"Mimi sifi. Atakufa bibi, na kabla hajafa atatumaliza sisi."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua gereji, kicheko kikanikauka. Shangazi, gari halijaingia humo miaka mingi. Kuna masufuria ya umeme, mapazia, viti vya plastiki vilivyopandana, mashine ya kuokea mkate ambayo haijatoka kwenye boksi. Baba akiona punguzo dukani hununua. Nikimuuliza hujibu, "Ni vya pipa." Kila kitu ni cha pipa. Kuna siku nasimama katikati ya vitu hivyo nikihisi kwamba ndivyo vilivyotununua sisi, vikatuleta hapa, vikatupanga.

Kwa hiyo kuanzia sasa pipa nalipanga mimi. Na nina swali. Najua shangazi haulizwi. Najua kwa desturi yetu dada wa baba akisema nipe, kaka na watoto wa kaka hawana neno zaidi ya haya chukua. Lakini umenilea mpaka nikaenda shule, na shule ndiyo iliyonifunza kuuliza. Katika vile ulivyotaja, kipi unakihitaji, na kipi unakitaka tu? Saa unayo. Sahani unazo. Ngazi zinakanyagwa, haziangaliwi.

Nijibu taratibu. Sina haraka wala hasira.

Mwanao,
Lesieli


Otahuhu, Auckland
19 Mei 1996

Shangazi,

Shikamoo tena. Sijapata jibu, nikajiambia ni meli, kisha nikajiambia ni watu wa kwaya. Sasa nimeishiwa na watu wa kulaumu.

Jumapili ya watoto imepita. Kanisa lilijaa nguo nyeupe mpya, hata vichanga vilivaa viatu. Wazazi waliokuwa nyuma yangu walinong'onezana bei wakati watoto wao wanasema mistari ya Biblia. Nilisimama nikaimba, lakini moyo wangu ulikuwa umekaa chini. Sijui kama nimechoka na kazi, au nimechoka na kuona.

Baba anakusalimu. Anauliza mikadi yako ya kusukia mikeka imestawi? Nimemwambia ndiyo, ingawa hujaniambia.

Pipa liliondoka Aprili. Nimeweka mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, samaki wa makopo, dawa ya mbu, betri za tochi na kandambili. Yote ya kuhitajika. Karatasi za mistari mipana na kalamu nene nimeweka pia, kwa sababu nazipenda barua zako. Saa, sahani na rangi sikuweka. Sitaki tugombane kwa ajili ya kopo la rangi. Naamini ukitulia utaniona nina haki.

Lesieli


Pukotala
8 Juni 1996

Kwa Lesieli,

Amani iwe nyumbani kwenu. Huku baridi imeanza. Mikadi imestawi. Binti wa Pisila amejifungua, mama na mtoto salama.

Pipa limefika. Mchele tumekula. Mafuta tumepikia. Betri nimempa Pisila, maana tochi hainisaidii. Kandambili zinanitosha. Karatasi na kalamu ndivyo unavyoviona hapa.

Swali lako nimelisoma. Nimeliweka.

Nakuletea mkeka laini kwa mkono wa watu wa meli. Ni wa siku utakayoolewa, au siku utakayonizika, itakayotangulia. Nimeusuka mchana tu, kwa kuwa jioni nachoka mapema.

Watu wa meli wanasema kaka yangu amekonda. Wewe umeniandikia hajambo. Ninyi wawili mtaelewana ni lipi la kweli, kisha mniambie.

Mwambie ale.

Toakase


Otahuhu
21 Julai 1996

Shangazi,

Shikamoo. Mkeka umefika. Ni laini kama kitambaa, na niliulalia usiku mmoja kabla ya kuukunja. Lakini nitasema ukweli, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifunza kukagua mkeka kabla sijajua kusoma: mstari mweusi wa ukingoni umepinda. Unaanza sawa, unatangatanga, halafu unarudi kama mtu aliyeshtuka usingizini. Ulikuwa ukifumua kazi ya wenzako kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilidhani una haraka ya kumaliza ili ulipie vile ulivyoagiza, na wazo hilo limeniumiza. Hata mwandiko wako umebadilika. Maneno machache yanakula karatasi nzima, na mstari mmoja unapanda juu ya mwenzake. Kama ni hasira zilizoandika hivyo, nimezisoma.

Sasa ya Baba. Watu wa meli wamesema kweli. Alianguka kiwandani mwezi wa Januari, katikati ya chumba cha baridi, nyama zikimning'inia juu ya kichwa. Ni moyo. Daktari amemkataza zamu za usiku na amemkataza kubeba vizito. Alinikataza nisikwambie, ndiyo maana nikaandika hajambo.

Lakini hajui kupumzika. Jumamosi iliyopita nilimkuta gereji anaburuta boksi la mashine ya mkate kulipeleka kwenye pipa jipya.

"Baba, hiyo ya nini?"

"Ya dada."

"Ha'ano umeme unawaka jioni tu. Mkate wa nini?"

"Akitaka mkate, utakuwepo."

"Hajasema anataka mkate."

"Ndiyo maana nawahi kabla hajasema." Akakaa juu ya boksi, anatafuta pumzi, jasho linamtoka na nje baridi kali.

Nimemtazama mtu huyu maisha yangu yote akiwahi. Amefanya kazi mbili, amekula akiwa amesimama, amelala kwenye kiti, ili dada yake asikose. Sijui kama unajua hivyo. Ninyi wawili, kwa kuwa ni kaka na dada, mlifunzwa utotoni kutokaa chumba kimoja, na kwa Baba barua yako nayo ni chumba: hajawahi kuishika. Mimi ndiye mlango. Unayoagiza humfikia kwa mdomo wangu, na sasa nakwambia mdomo umechoka. Yale ya Januari sikumfikishia hata moja.

Nakuomba kwa heshima yote niliyonayo, usiagize tena. Hataweza kukukatalia, na wewe unajua. Kwa hiyo nakataa mimi, badala yake.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini usiagize.

Lesieli


Pukotala
25 Agosti 1996

Kwa Lesieli,

Amani iwe nyumbani kwenu.

Nimesikia ya kaka yangu. Kanisa limemwombea.

Sitaagiza tena.

Toakase


Otahuhu
13 Oktoba 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika mwanzo wa barua hii mara nyingi nikachana, kwa hiyo nitaanza tu popote.

Mama Kaloni wa huko kijijini amekuja kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Alikaa jikoni kwetu, akanywa chai, akatoa habari za kijiji kama mtu anayetoa viazi kwenye kapu. Nani kaoa, nani kahama. Kisha akasema, "Na Toakase naye mkono unaunga vizuri."

Nikamuuliza mkono upi.

"Ule aliovunja. Si alianguka kwenye ngazi zake? Mchana kweupe. Alikanyaga hewa, maskini, akidhani ni ngazi."

Baba alikuwa sebuleni. Alisikia. Aliingia jikoni akamwambia Mama Kaloni, kwa upole sana, kwamba dereva wake amefika, na dereva hakuwa amefika. Tulipobaki wawili akaniambia, "Leta barua zake."

Nikazileta. Hakuzishika. Alikwenda kukaa sebuleni akaniachia mlango wazi, akaniambia nisome kutoka jikoni, kwa sauti. Nilianza na ile ya Januari. Nilisoma ya choo cha mchungaji, akacheka kidogo. Nilisoma saa inayogonga. Nilisoma sahani nyeupe, kalamu nzito, mistari mipana. Nilipofika kwenye rangi ya njano akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Aliandika lini?"

"Januari."

"Na wewe ukaniambia lini?"

Nikaikunja barua. Nikasikia pumzi yake tu, nikadhani moyo umemshika tena, nikachungulia. Alikuwa ameshika magoti yake kama mtoto. Akasema, "Mama yetu aliagiza mawe ya njia ya chooni yapakwe chokaa. Mwanzoni tulidhani ni urembo. Watu wakaja kuitazama njia yetu, wakasema familia hii ina maringo, hata haja wanaendea kifalme. Mama akacheka nao. Mwaka uliofuata akawa anatushika bega akitembea. Hakuna aliyeambiwa. Dada ndiye aliyejua peke yake, kwa sababu dada ndiye aliyepaka yale mawe."

Shangazi, nina akili, nimesoma, nina karatasi yenye muhuri inayosema hivyo. Na nilikaa na barua zako nusu mwaka. Saa ya kusikia, kwa sababu ile ya kimya huioni. Sahani nyeupe, ili majani ya magimbi yaonekane juu yake. Kalamu nzito. Tochi hainisaidii, uliandika. Jioni nachoka mapema, uliandika. Ule mstari wa mkeka. Ulinionyesha kila kitu, na mimi nikavipanga upande wa kutaka, nikafuta ubao, nikaenda nyumbani nikijiona mwadilifu.

Nilichokataa ni ngazi. Nilikunyima mahali pa kukanyaga.

Baba hajanigombeza. Ingekuwa afadhali. Amesema tu kwamba uje Auckland, kuna madaktari wa macho, na hili la macho ya mama yenu siku hizi linatibika, ni ukungu tu kwenye jicho, wanautoa. Mimi nitalala sebuleni. Njoo.

Na uniambie kwa nini hukusema. Neno moja tu lingetosha.

Lesieli


Pukotala
17 Novemba 1996

Kwa Lesieli,

Amani iwe nyumbani kwenu. Anaandika Pisila, nasema mimi. Mkono umeunga lakini hauna nguvu ya kalamu, na jicho halina nguvu ya mkono. Pisila ameapa hataongeza lake. (Shikamoo yako nimeipokea mwanangu, na foleni je? Pisila.) Mmeona.

Auckland siji. Nyumba yenu nimeambiwa ilivyo, vyumba viwili na ukuta wa karatasi. Nikija mimi, kaka yangu atatoka. Hatalala chini ya paa moja na dada yake, atalala gereji na zile mashine za mkate. Mnataka mtu wa moyo alale kwenye baridi ili mtu wa macho aone. Hapana.

Umeuliza kwa nini sikusema. Nitajibu mara moja, usirudie.

Kaka yangu hawezi kuniambia hapana. Mimi nikisema, "Feleti, macho yanakufa, nahitaji," atauza gari, atauza nyumba, atarudi kwenye chumba cha nyama na moyo ule ule. Si kwa sababu amependa. Kwa sababu mlango mwingine hana. Mtu asiyekataliwa lazima achunge kinywa chake. Mama yetu alinifunza hivyo nikiwa msichana: shangazi mwema huomba vitu vya kipuuzi. Kofia, kikombe, kopo la rangi. Vikija, furaha. Visipokuja, hakuna aliyeaibika. Kwa hiyo maisha yangu yote nimesema nataka. Neno nahitaji sijalipeleka kwa kaka yangu hata mara moja. Wewe ukaja na mstari wako ukaniambia nivuke.

Hukuwa na ubaya. Ulikuwa unamlinda baba yako kama mimi ninavyomlinda. Tulikuwa watu wawili tunamvuta upande mmoja, tukagongana vichwa.

Mkono haukuumia sana. Yapo mambo mabaya kuliko kuanguka. Ulipoandika usiagize tena, kijiji kizima kiliniuliza pipa lijalo lina nini, nikawa sina la kusema. Mtu asiyeagiza kitu kwa nduguze ni kama hana ndugu. Hilo ndilo lililoniuma. Nimelisema, limekwisha.

Wanasema madaktari wa macho watakuja mjini Nuku'alofa Februari, wa bure, wanakuja na meza zao. Ni safari ya meli, na kusimama kwenye jua, na kushikwa mkono na watu. Nimezoea giza la jioni, nitazoea na la mchana. Mwachie Mungu.

Mwambie kaka yangu ale. Na mashine ya mkate mpe mtu.

Toakase
(Anadanganya, hajazoea. Pisila.)


Otahuhu
12 Januari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo, na safari hii neno hilo ni la kweli. Baba anakwenda kliniki na anameza dawa zake. Mashine ya mkate tumempa jirani, na gari limeingia gereji. Baba alilitazama humo ndani kwa muda, akasema lina upweke, akalitoa tena.

Ukisomewa barua hii mimi nitakuwa karibu kufika, pengine nimeshika mkoba mlangoni. Nimeituma kwa makusudi ichelewe. Ungeniandikia hapana ningelazimika kutii, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kaka na wewe ndiye usiyekataliwa. Kwa hiyo hapana yako itapishana na mimi baharini.

Nimeomba likizo shuleni. Mwalimu mkuu akauliza ni dharura au ni matembezi, kwa sababu fomu ina visanduku viwili tu. Nilikaa nikivitazama. Zamani ningejua haraka.

Tutakwenda Nuku'alofa pamoja. Nitasimama nawe kwenye jua. Nitakushika mkono, na wewe utalalamika kwamba nakubana. Sikuombi uende kwa sababu unahitaji. Nataka uende. Nataka uone uso wangu kabla haujazeeka kwa kusahihisha madaftari. Nataka ufumue kazi zangu mbovu mbele ya watu. Angalia, nimesema nataka, na sijafa.

Nina saa inayogonga. Ndani ya meli itaniaibisha. Nina sahani nyeupe pe. Na nina rangi. Baba aliichagua mwenyewe. Nilimsubiri kwenye duka la rangi mpaka miguu ikauma, anapeleka vikaratasi vya njano mlangoni kwenye mwanga, anavirudisha, anafumba jicho moja, kisha anafumba yote mawili nusu nusu, anajaribu kuona kama unavyoona wewe. Mwuzaji akamwuliza kama ni ya chumba cha mtoto. Baba akasema, "Ya dada." Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwona ananunua kitu polepole.

Amenipa na brashi yake. Anasema nipake ukingo wa kila ngazi mara mbili.

Nakuja.

Lesieli


Pukotala
6 Aprili 1997

Kwa Lesieli, binti wa kaka yangu,

Amani iwe nyumbani kwenu. Naandika mwenyewe. Tazama herufi zilivyo ndogo. Karatasi zako za mistari mipana nimewapa watoto wa Jumapili wachoree.

Huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri. Mjukuu wa Pisila ameota meno. Jicho la kulia ni jicho kweli sasa, la kushoto watalitazama wakija tena. Nimeona mengi, na mengine ni afadhali yangengoja. Nyumba yangu ilikuwa chafu, na ninyi wote mlikuwa mkiingia mkisema ni safi. Pisila amezeeka. Nilimwambia. Akasema, "Na wewe je, ulidhani uzee ulikuwa unakungoja?" Nguruwe niliyekuwa nikimsifu kwa unene ni mwembamba, nilikuwa nasifu kivuli chake.

Ngazi ulizozipaka kabla hatujasafiri niliziona tangu pwani, siku ile tuliposhuka kutoka Nuku'alofa. Sikukwambia, kwa kuwa ulikuwa unalia na sikutaka kukuongezea. Zinapiga kelele. Watu wa meli husema sasa wanaijua nyumba ya Toakase kabla hawajaliona kanisa. Ni njano mbaya sana. Mwambie kaka yangu sitaibadilisha.

Ule mkeka uliopinda usinirudishie. Nilitaka kuufumua, nimekataa. Ulalie.

Saa nimeipeleka kanisani. Inagonga mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, na watu wote hukohoa. Haijawahi kutokea ibada ikaisha mapema hivi.

Kaka yangu mwambie ale, apumzike, na asinunue kitu mpaka nimeagiza.

Sasa sikiliza ya pipa lijalo, umfikishie. Mchele upo, mafuta yapo, sahani ni nzuri. Nataka kofia ya kanisani ya zambarau, yenye ukingo mpana na ua kubwa pembeni, kubwa kiasi kwamba walio nyuma yangu wasimwone mchungaji. Kofia ninayo, na haijachakaa. Hii siihitaji hata kidogo.

Shangazi yako,
Toakase